WUFA SI MWINJILISTI

Leo sitawabembeleza. Neno la leo lina mchanga kidogo ndani yake, lakini litafune tu, litakusaidia.

Kuna mtindo umeingia katika nyumba za watu waliookoka. Ndugu ananunua hom thieta, ile ya spika tano na wufa moja. Anaipanga sebuleni, anaifuta vumbi kila siku kuliko anavyofuta Biblia. Kisha Jumapili saa kumi na moja alfajiri, kabla jogoo hajamaliza kuwika, anafungulia nyimbo za injili mpaka vikombe vinacheza kabatini. Ukimuuliza, "Ndugu, mbona hivi?" anakujibu kwa uso wa ushindi: "Mchungaji, ninahubiria ploti yote. Kama hawataki kwenda kanisani, kanisa limewafuata kitandani."

Na watu wanasema amina!

Mimi sisemi amina. Huo si uinjilisti. Hiyo ni kelele iliyovaa suti ya Jumapili. Na ninataka tuliongee jambo hili kwa Neno na kwa akili, maana Mungu alitupa vyote viwili.

KITU GANI KINAPITA UKUTANI?

Nisikilize vizuri hapa, kwa sababu wengi hawajawahi kulifikiria. Unadhani ukiongeza sauti, injili inapita ukutani inaenda kwa jirani. Sivyo.

Sauti ni mtetemo wa hewa, na hewani inasafiri kama mita 340 kwa sekunde. Sasa chukua besi nzito inayotoka kwenye wufa, tuseme ile inayotetema mara 40 kwa sekunde. Gawanya 340 kwa 40. Wimbi moja la besi hiyo lina urefu wa mita nane na nusu. Hilo ni refu kuliko sebule za wengi wetu! Wimbi kama hilo halizuiwi na pazia, halizuiwi na mlango, na ukuta wa mawe hauliwezi sana. Linatikisa ukuta wenyewe, na ukuta unageuka kuwa spika upande wa pili.

Lakini maneno ya wimbo hayaishi kwenye besi. Herufi kama s, t, k na f, zile zinazofanya "soma" isisikike kama "choma", ziko juu kabisa, mitetemo elfu kadhaa kwa sekunde. Mawimbi yake ni mafupi, ya sentimita chache tu. Yakigonga ukuta, mengi yanaishia hapo hapo.

Kwa hiyo jirani yako anasikia nini? Anasikia DU, DU, DU. Hiyo tu. Jina la Yesu limebaki kwako sebuleni, ngoma ndiyo imetumwa kuhubiri.

Mpendwa, yule jirani aliyelala upande wa pili hawezi kujua kama umeweka wimbo wa kuabudu au umeweka nyimbo za klabu. Kwake ni kitu kimoja. Paulo anatuambia katika Warumi 10:17 kwamba imani inazaliwa mtu anaposikia, na anachotakiwa kusikia ni neno la Kristo. Neno, si mtikisiko. Halafu katika 1 Wakorintho 14 anatoa mfano wa tarumbeta ya vita: ikilia ovyo bila sauti inayoeleweka, askari hatajua kama ameitwa vitani au ameitwa kula. Anaendelea kusema kwamba ukitoa maneno yasiyoeleweka unakuwa unaongea na hewa. Paulo hakujua wufa, lakini alijua tatizo letu.

Sasa niambie wewe unayesema unahubiri: ni nafsi gani iliyookoka kwa DU DU DU?

UPANDE WA PILI WA UKUTA KUNA MTU

Hebu tupitie milango ya ploti moja. Mlango wa kwanza kuna nesi ametoka zamu ya usiku, amelala saa moja iliyopita. Wa pili kuna mama aliyejifungua juzi, na mtoto amekubali kulala hatimaye baada ya kulia usiku kucha. Mlango wa tatu kuna kijana wa kidato cha nne, mtihani uko mbele yake na vitabu viko mezani. Wa nne kuna mzee wa presha. Wa tano kuna familia iliyofiwa. Wa sita kuna Mwislamu ambaye amekuwa akikuangalia kwa miezi, anataka kujua watu wa Yesu ni watu wa aina gani.

Umewajibu wote sita kwa jibu moja.

Fungua Mithali 27 utashangaa. Katika mstari wa 14 Sulemani anamzungumzia mtu anayeamka mapema kumtakia mwenzake heri kwa makelele. Anasema heri hiyo inapokelewa kama laana! Yaani maneno yenyewe ni mazuri, baraka ni baraka, lakini saa na sauti vimeiharibu. Na mistari minne tu kabla ya hapo, mstari wa 10, ametoka kusema kwamba jirani wa karibu ana faida kuliko ndugu aliye mbali. Mambo hayo mawili yako kwenye sura moja, na sidhani ni bahati mbaya.

Siku mtoto wako akiungua maji moto usiku, nani atakuja kwanza? Si mjomba wako aliye Busia wala shangazi aliye Voi. Ni yule jirani wa ukuta. Yule unayemtikisa.

"LAKINI MCHUNGAJI..."

Ninajua mtajibu. Acha nijibu kabla hamjajibu.

"Lakini Mchungaji, wanaolalamika ni watu wasiompenda Yesu. Haya ni mateso kwa ajili ya Jina."

Hapana. Soma 1 Petro 4:15. Petro anatuonya tusiteseke kwa sababu ya ubaya wetu wenyewe au kwa kujiingiza katika mambo ya wengine. Kuna kuteswa kwa ajili ya Kristo, na kuna kugombezwa kwa ajili ya wufa. Usichanganye hayo mawili. Keateka akija kukugongea mlango saa nne usiku, usimwite Herode.

"Lakini Mchungaji, Daudi alicheza mbele za Bwana kwa nguvu zake zote."

Kweli kabisa, 2 Samweli 6. Alikuwa barabarani, na watu wa Israeli walikuwa pamoja naye, sanduku la agano likiingia mjini. Na baadaye akawagawia watu wote mkate. Wewe umegawa nini kwenye ploti? Peleka chapati kwanza, halafu tuzungumze kuhusu Daudi.

"Lakini Mchungaji, nimelipa kodi. Ni nyumba yangu."

Umelipa kodi ya vyumba vyako. Hukulipia usingizi wa jirani. Tena serikali imelisema hili kwa maandishi. Kanuni za mwaka 2009 za kudhibiti kelele na mitetemo, zilizo chini ya sheria ya mazingira, ambayo msimamizi wake ni NEMA, zimeweka viwango. Kwa makazi, usiku kiwango ni desibeli 35. Na usiku kwa sheria hiyo hauanzi saa sita. Unaanza saa mbili jioni mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Desibeli 35 ni ndogo sana. Watu wawili wakizungumza kawaida wanafika kama 60. Kwa hiyo ibada yako ya saa kumi na moja alfajiri iko ndani ya saa za usiku, na wufa yako imevuka mpaka kitambo. Warumi 13 bado iko kwenye Biblia yako? Kwenye yangu iko.

"Lakini Mchungaji, walevi wa nyumba namba tano wanapiga zao mpaka usiku wa manane."

Ndiyo, na sasa huwezi kuwaambia kitu. Umewafunga mdomo wako mwenyewe. Warumi 12:21 inatufundisha kuushinda uovu kwa wema. Haitufundishi kuushinda kwa wati nyingi zaidi.

"Lakini Mchungaji, hata makanisa yana spika kubwa."

Asante. Hilo ni kweli, na silikwepi. Kanuni hizo hizo zimetaja nyumba za ibada: desibeli 40 mchana na 35 usiku. Petro alisema hukumu inaanzia nyumbani mwa Mungu. Mchungaji anayeelekeza spika barabarani ilhali washirika wako ndani, anamhubiria nani? Wenye masikio wako ndani. Spika zielekezwe kwa waliokuja. Wasiokuja tuwafuate kwa miguu, mlango kwa mlango, kama Mitume.

KWA UPANDE MWINGINE, USIICHOME

Sasa kuna wale wengine, na hawa pia nina neno nao. Wanasema hom thieta ni sanamu, ni mlango wa mapepo, itolewe nyumbani na ichomwe. Wanasema mtu wa rohoni hapaswi kuwa na kitu kama hicho.

Ndugu yangu, spika ni sumaku, waya wa shaba na karatasi inayotetemeka. Haina pepo. Zaburi 150 imeorodhesha vyombo vya kumsifu Mungu mpaka matoazi ya kelele. Daudi alipiga kinubi, na Sauli akapata nafuu, 1 Samweli 16. Kwenye 2 Nyakati 5 waimbaji na wapiga tarumbeta walitoa sauti kama ya mtu mmoja na utukufu wa Bwana ukaijaza nyumba. Mungu hana ugomvi na muziki mzuri ndani ya nyumba yako. Baba aliyefanya kazi, akalipa karo, akatoa sadaka, kisha akanunua spika bila mkopo wa simu unaomtafuna kila wiki, huyo na afurahie na watoto wake. Luka 14:28 inasema kaa chini upige hesabu kwanza. Ukishapiga, na hesabu ikatosha, nunua kwa shukrani.

Shida iko kwenye mkono unaoshika rimoti.

NA TENA HAMJUI KUIPANGA

Samahani, lakini ni lazima niseme. Nimeingia katika sebule nyingi kuombea watu, na karibu zote zina picha ileile: spika tano zote zimepangwa kwenye kabati la TV, mbili huku, mbili kule, moja juu ya TV kama ua, na wufa imesukumwa kwenye kona kabisa. Halafu mwenye nyumba anasema, "Maneno ya filamu hayasikiki vizuri, ndiyo maana ninaongeza sauti."

Mpendwa, hayasikiki kwa sababu hukuipanga. Ukiongeza sauti, unaongeza besi pamoja nayo, na besi ndiyo inayoenda kwa jirani. Nusu ya kelele za ploti zingekwisha kama watu wangepanga spika zao ipasavyo. Fanya hivi Jumamosi:

1. Spika ya kati ndiyo mdomo. Karibu maneno yote ya filamu na mahubiri yaliyorekodiwa kwa mfumo huo yanatokea hapo. Iweke katikati, chini au juu tu ya TV, ielekee masikio ya waliokaa. Usiifunike kwa kitambaa cha kufuma, hata kama ni cha mama mkwe.

2. Spika mbili za mbele ziwe kushoto na kulia, kwa kimo cha masikio ya mtu aliyeketi. Umbali kati ya hizo mbili ukaribiane na umbali kutoka kila moja hadi kwenye kochi. Itakuwa pembetatu.

3. Mbili za nyuma zitoke kabatini! Ziliumbwa zikae pembeni mwa kochi, nyuma kidogo ya waliokaa, juu kidogo ya masikio. Waya upite kando ya ukuta, mtoto asijikwae.

4. Wufa iondoe kwenye kona. Kona inaivimbisha besi. Isogeze mbali na ukuta mnaotumia pamoja na jirani, na chini yake weka kipande cha mpira au sponji nzito ili sakafu isitetemeke. Kisha punguza kisu chake mpaka usione kwamba ipo. Wufa nzuri ni ile unayoikumbuka ikizimwa tu.

5. Angalia nyaya. Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Spika moja ikigeuzwa, inavuta wakati mwenzake anasukuma, na besi zao zinauana hewani. Zote mbili ni nzima, zote zinafanya kazi kwa nguvu, lakini chumba hakipati kitu. Kuna ndoa za namna hiyo, nyinyi mnajua. Baba anasukuma, mama anavuta, wote wamechoka na nyumba haina matunda. Amosi 3:3 inauliza kama wawili wanaweza kutembea pamoja bila kupatana. Rekebisha waya, na rekebisha ile nyingine pia.

6. Mashine nyingi zina mpangilio wa usiku. Unashusha milipuko na kuinua maneno. Uutumie.

Na usidanganyike na kapeti na pazia nzito. Zinapunguza mwangwi ndani na kufanya maneno yawe safi, hilo ni zuri. Besi hazizuii.

Ukifanya haya, utashangaa. Utasikia kila neno, na sauti itakuwa nusu ya ile ya zamani. Mtoto hatalazimika kupiga kelele ili umsikie. Na masikio ya watoto ni kitu cha kutunza: Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha chini kwao kuliko cha watu wazima, desibeli 75 kwa saa 40 za kusikiliza kwa wiki, watu wazima wakiwa 80. Sikio likiharibika ndani kwa kelele, haliponi kwa dawa ya duka.

NYUMBA YAKO INASIKIA SAUTI YA NANI?

Sasa nifike kwenye moyo wa jambo.

Debe tupu haliachi kuvuma. Ninaogopa kwamba katika nyumba nyingi wufa imekuwa kubwa kwa sababu madhabahu imekuwa ndogo. Baba hajaomba na watoto wake tangu Krismasi, kwa hiyo anafungulia nyimbo ili nyumba isikike kama imeokoka. Mama na baba hawajazungumza siku nne, spika zinazungumza kwa niaba yao. Mtoto anaweza kutaja wasanii kumi wa injili lakini hajawahi kumsikia babake akiomba kwa kutaja jina lake.

Kumbukumbu la Torati sura ya 6 haikuagiza tununue vyombo. Iliagiza mzazi awafundishe watoto kwa kinywa chake, akiwa ameketi nyumbani, akitembea njiani, akilala na akiamka. Hakuna spika inayoweza kufanya kazi hiyo kwa niaba yako. Unaweza kuwa na spika ya mbele, ya kati, ya nyuma na wufa, na nyumba bado ikakosa sauti moja: yako.

Kumbuka Eliya pale Horebu, 1 Wafalme 19. Upepo ulipasua miamba. Ardhi ikatikisika. Moto ukawaka. Vyote vilikuwa na nguvu, na Mungu hakusema naye kwa kimojawapo. Alikuja kwa sauti ndogo, ya upole, na nabii akajifunika uso. Na Samweli, 1 Samweli 3, alisikia akiitwa usiku, hekalu likiwa kimya, taa ya Mungu haijazimika. Ninajiuliza: kama wufa ingekuwa inanguruma chumba cha pili, je, yule kijana angesikia?

Kimya kingi kina mshindo mkuu, walisema wazee wetu. Hawakuwa wajinga.

KAZI YA WIKI HII

Usiseme amina halafu usahau. Nina mambo matatu.

Kwanza, Jumamosi hii toa spika kabatini na uzipange kama nilivyosema. Chukua watoto wakusaidie kushika waya. Hiyo pekee ni saa nzuri ya baba na watoto.

Pili, weka wimbo unaoupenda kwa sauti unayoizoea, kisha toka nje, simama kwenye mlango wa jirani. Sikiliza. Kama unasikia ngoma lakini husikii Jina la Yesu, rudi ndani upunguze. Halafu gonga mlango huo uulize kwa unyenyekevu: "Jirani, je, sauti yangu imekuwa ikikusumbua?" Akisema ndiyo, usijitetee. Mwombe msamaha. Hayo mazungumzo ya dakika tano mlangoni yatamhubiria kuliko miaka mitano ya wufa. Na akikukaribisha ndani, sasa hapo ndipo unaweza kumwambia habari za Yesu, kwa maneno yanayoeleweka, uso kwa uso.

Tatu, kila jioni zima kila kitu kwa dakika kumi na tano. TV, spika, simu. Somo fupi, wimbo mmoja bila ala, na kila mtoto aombewe kwa jina. Kama hujui pa kuanzia, anza na Injili ya Marko, kidogo kidogo.

Tuombe. Baba wa mbinguni, tufundishe kuwapenda watu walio upande wa pili wa ukuta. Utusamehe pale tulipokuwa kelele kwao tukadhani ni ushuhuda. Ponya ndoa zilizounganishwa waya vibaya. Wape baba na mama ujasiri wa kufungua vinywa vyao mbele ya watoto wao. Na katika nyumba zetu, sauti yako ndogo isizamishwe na kitu chochote tulichokinunua. Katika jina la Yesu Kristo, amina.

Mpelekee ujumbe huu mtu mwenye wufa kubwa. Unamjua. Lakini kwanza, angalia kisu cha yako.

Nawapenda, na Jumapili tuonane. Njooni mapema, na mkitoka nyumbani, funga mlango polepole. Watu wamelala.

Mchungaji wenu.